Ramani yangu ilisema ofisi ndiyo inayoungua kuliko msitu

Wiki iliyopita msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, nimekabidhiwa kumbukumbu za moto wa nyika za miaka ishirini, nizisafishe itengenezwe ramani ya hatari ya kanda nzima. Nianzie wapi?" Nilitabasamu, kisha tumbo likanikaza.

Nami niliwahi kukabidhiwa faili kama hilo. Nikakesha nalo, nikachora ramani iliyopendeza kwelikweli, nikaiwasilisha mbele ya wakubwa huku kola imenyooka. Katikati paliwaka doa jekundu kuliko kote. Nikalieleza kwa mbwembwe: ukame, upepo, nyasi ndefu. Mzee mmoja wa doria akanyoosha mkono taratibu. "Kijana, hapo ni ofisini kwetu. Pana lami."

Watu walicheka hadi wakafuta machozi. Mkuu wangu hakucheka. Kesho yake kazi ikapewa mwenzangu, na mpaka leo sijasahau alivyolichukua lile faili mezani bila hata kunitazama.

Kumbe fomu ya kuandikia moto ilikuwa haikubali nafasi tupu. Askari asiyejua moto ulipowaka hasa aliandika latitudo na longitudo za kituo chake, akaendelea na kazi. Miaka ishirini ya "sijui" ikarundikana kwenye paa moja. Kwingine mtu alipimiwa nyuzi 6 na dakika 30, akaandika 6.30, ilhali kwa desimali ni 6.5. Hapo moto umehama kilomita 22 hivi. Wangu mmoja wa nyasi ulitua katikati ya ziwa.

Sikuacha hata baada ya kunyang'anywa kazi; nikadhani setilaiti zitanifutia aibu. Zilinisaidia, ila nazo zina yake. MODIS, kifaa cha zamani kilichomo kwenye setilaiti, huona moto kwa vipande vya kilomita moja, na VIIRS, kifaa kipya zaidi kilichorushwa kwa mara ya kwanza mwaka 2011, kwa mita 375, hivyo ukizichanganya bila kuangalia utatangaza kwamba moto umeongezeka, kumbe ni jicho lililoongezeka ukali. Moto mmoja mkubwa hukupa nukta kibao. Usizihesabu kama mioto kibao. Nukta inayorudi palepale kila usiku mwaka mzima huenda ni tanuri au bomba la kuchomea gesi. Saa za setilaiti ni za UTC, yaani saa za kimataifa, si za kwetu, kwa hiyo moto wa usiku unaweza kuangukia tarehe tofauti na ile ya daftarini, nawe ukauhesabu mara mbili. Na moto mdogo uliowaka na kuzimika kabla setilaiti haijapita, au chini ya wingu, hutauona kabisa.

Miezi ya kulinganisha mstari kwa mstari siisimulii, haina utamu.

Kilichonisaidia ni yule yule mzee. Nilimfuata, nikamwamkia, nikamwomba madaftari ya doria. Kurasa zilikuwa na alama za vidole vya masizi, na pembeni kaandika kwa penseli: "kando ya korongo, tumezima kwa matawi, saa kumi jioni." Hakuna latitudo, lakini maneno yale yalikuwa na ukweli kuliko namba zangu zote. Tukakaa na ramani ya karatasi, akawa ananionyesha kwa kidole.

Basi ndugu yangu, ongeza safu moja kwenye jedwali lako: mahali hapa pamejulikanaje? Kwa GPS, kwa setilaiti, kwa kukisia, au ni anwani ya kituo? Ongeza na ya pili: pana shaka ya kilomita ngapi? Usijaze tupu. Narudia, usijaze tupu! Vijana mnapenda ramani iliyojaa rangi, mnaona haya kuacha nyeupe, halafu magari ya zimamoto yanapangwa kwa kufuata uongo wenu. Mstari wa asili usiufute. Sahihisha pembeni, uandike umesahihisha nini na kwa nini.

Jana umeniandikia tena kwamba mkuu wako anaitaka ramani Ijumaa. Mpelekee orodha ya mistari usiyoiamini, umwambie ramani itafuata. Atanuna. Mwache anune.