Weusi wa bia si ukali wake

Swali la wiki hii lilikuwa: mtu aliyezoea laga za kwetu na Guinness ya chupa, ajaribu bia gani nyingine za mtindo wa Kiingereza na Kiairishi, na aanzie wapi? Jibu langu: aanzie chini, kwenye bia za kilevi kidogo ambazo hata Waingereza wengi wamezisahau, na rangi isimdanganye.

Kwetu bia nyeusi inahesabiwa kuwa ya wenye vifua. Hilo limetokana na Guinness tunayoijua, Foreign Extra Stout, ambayo ni toleo la soko la nje la stauti, bia nyeusi ya shayiri iliyokaangwa. Ile ya Kenya ina asilimia 6.5 ya kilevi. Ukiagiza painti (glasi ya mililita 568) ya Guinness Dublin unaletewa kitu kingine, cha asilimia 4.2, sawasawa na Tusker. Weusi unatoka kwenye shayiri iliyokaangwa kama buni, na kilo moja kati ya kumi za nafaka inatosha kuipaka pipa zima. Kilevi kinatoka kwenye sukari ya kimea ambayo hamira inaila. Hayo ni mambo mawili tofauti, na ukishayatenganisha, orodha ya bia za visiwa vile inasomeka upya.

Ya kwanza kuitafuta ni maildi, kwa Kiingereza "mild", yaani pole. Jina hilo zamani halikumaanisha upole. Lilimaanisha bia changa, iliyouzwa kabla ya kulazwa kwenye mapipa miezi mingi mpaka ikaanza uchachu. Baadaye ikawa bia ya wachimba makaa na wafua vyuma wa katikati na kaskazini-magharibi mwa Uingereza, watu waliotoka kazini na kiu ya painti tatu nne, na kilevi chake kikatulia kwenye asilimia 3 hadi 3.8. Kuanzia miaka ya 1960 bita ("bitter", bia chungu zaidi) na laga ziliisukuma pembeni, na leo unaweza kupita pabu kumi usiione hata moja.

Inyanyue glasi kwenye mwanga. Bia iliyoonekana nyeusi mezani inageuka rangi ya sukari guru iliyoyeyushwa, na wekundu ukingoni. Povu ni jembamba. Harufu ni ya ganda la mkate lililoiva sana, zabibu kavu na karanga. Hopsi, yaani maua yanayoipa bia uchungu, ni chache, kwa hiyo uchungu haukai ulimini. Aliyetoka kwenye laga baridi ataiona kama imeishiwa gesi na haina nguvu, kwa sababu gesi ya bia ya pipa haifiki nusu ya ile ya laga ya chupa. Asiihukumu kwa funda la kwanza. Aipe nafasi hadi nusu glasi, ulimi ukishasahau gesi. Timothy Taylor's wa Keighley, Yorkshire, wana mbili zinazofundisha vizuri zikiwekwa pamoja: Dark Mild, nyeusi, na Golden Best, ya rangi ya asali, zote asilimia 3.5. Ukitaka kuonja maildi ya zamani, kabla haijapunguzwa nguvu, kuna Dark Ruby ya Sarah Hughes, asilimia 6, inayopikwa nyuma ya Beacon Hotel mjini Sedgley, karibu na Wolverhampton. Ilifufuliwa mwaka 1987, na ni miongoni mwa bia nzuri kuliko zote Uingereza, nalisema hilo bila kusita.

Bia hizi hunywewa vyema kutoka pipani, na hapo ndipo wageni wengi hukosea. Bia ya pipa ya Kiingereza haijachemshwa kuua hamira, wala kuchujwa. Inamalizia kuchacha ndani ya pipa lenyewe, chini kwenye ghala la pabu, kisha inavutwa kwa pampu ya mkono. Pipa likishafunguliwa hewa inaingia kila painti inapotoka, na baada ya siku tatu hivi bia inaanza kuharibika. Aliyekulia kwenye mbege au busaa haelezwi zaidi: pombe iliyo hai haina subira. Kwa hiyo usimwulize mhudumu ipi ni nzuri; mwulize ipi inatoka haraka, na omba kuonja kidogo kabla ya kulipa. Si aibu, ni desturi yao. Kibao cha jina kilichogeuzwa nyuma kwenye pampu maana yake pipa limekwisha. Harufu ya siki ni dalili ya hewa na bakteria. Ukungu mzito wenye ladha ya hamira ni dalili kwamba pipa limetikiswa au halijapewa muda wa kutulia. Irudishe kwa upole. Pabu inayojiheshimu hubadilisha bila ubishi.

Halafu kuna suala la ubaridi. Mhudumu wa kwetu huuliza, "Baridi au ya moto?" na bia hizi hazimo kwenye jibu lolote kati ya hayo mawili. Zinataka nyuzi 11 hadi 13, yaani baridi ya asubuhi ya Julai kule Njombe. Chini ya nyuzi 6 harufu ya kimea inajifunga na kinachobaki ni uchungu na maji. Juu ya 16 utamu unachosha na kilevi kinapanda puani. Kwa chupa ya mililita 500 iliyotoka kwenye friji, Dar es Salaam au Mombasa, iache mezani dakika 15 hadi 20 kabla ya kufungua. Kopo la stauti lenye kile kitufe cha naitrojeni ndani ni tofauti: hilo lifunguliwe likiwa baridi sawasawa, la sivyo nusu yake itaishia mezani kama povu.

Bita nitaipitia haraka kwa kuwa haijafichika sana. Harvey's Sussex Best ya Lewes, asilimia 4, na Landlord ya Timothy Taylor's, 4.3, zinakupa kusini na kaskazini. Kaskazini hubana mdomo wa pampu kwa kichujio chenye matundu madogo ili povu liwe nene kama krimu. Kusini hawataki, kwa hoja kwamba hopsi zinakimbilia kwenye povu. Pedigree ya Marston's, asilimia 4.5, ina jambo la kunusa: maji ya Burton upon Trent yana jasi nyingi, na painti mpya huweza kutoa harufu ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi. Hiyo si kasoro, na inapotea baada ya dakika chache.

Stauti ya maziwa tayari unayo karibu. Castle Milk Stout ya Afrika Kusini, asilimia 6, ni mjukuu wa mtindo ulioanzia kiwanda cha Mackeson, Hythe, katika jimbo la Kent, mwanzoni mwa karne ya 20. Kinachoingia humo ni laktosi, sukari ya maziwa, ambayo hamira ya bia haiwezi kuila, ndiyo maana utamu unabaki. Angalizo la kweli: watu wazima wengi wa kwetu tumbo lao halipatani na maziwa mabichi, na laktosi ni ile ile. Kama hiyo ni hali yako, chukua stauti ya oti, ile nafaka ya uji, kama ile ya Samuel Smith ya Tadcaster, asilimia 5. Inapata ulaini bila maziwa.

Ireland watu huishia Guinness, na wanaziacha stauti za mji wa Cork. Murphy's, asilimia 4, ni laini, yenye ladha ya kahawa iliyotiwa maziwa, Beamish, 4.1, ni kavu zaidi, na inaacha uchungu wa chokoleti nyeusi kooni. Beamish ilianza mwaka 1792, ikafungiwa kiwanda chake 2009, na sasa zote mbili hupikwa na Heineken mjini humo humo. Ziagize glasi nusu nusu, moja baada ya nyingine, na tofauti itajisema yenyewe. Kisha tafuta O'Hara's Irish Stout ya Carlow, 4.3, ya chupa. Stauti za bombani na za makopo hupewa naitrojeni, gesi inayoleta vipovu vidogo na kufunika ukali wa shayiri iliyokaangwa. O'Hara's ya chupa ina gesi ya kawaida, na ukaango unatokeza wazi, na ukavu wake ni wa kahawa ya kashata isiyo na tangawizi. Ndugu yake Leann Folláin, asilimia 6, ndiye ningempa mpenzi wa Guinness ya kwetu kwanza kabisa.

Eli nyekundu ya Kiairishi (eli ni bia isiyo laga), kama Smithwick's au O'Hara's Irish Red, wengi huiona haina jipya. Kosa ni kuinywa baridi sana. Wekundu wake unatokana na shayiri iliyokaangwa kidogo mno, asilimia moja hadi tatu ya nafaka, na kazi yake ni kuukausha mwisho wa funda baada ya utamu wa karameli. Na nyama choma ya mbuzi isiyo na pilipili nyingi inakaa vizuri sana.

Zile kali zije mwisho, na kwa kiasi. Old Peculier ya Theakston, 5.6, ina zabibu na sukari guru. Strong Suffolk ya Greene King, asilimia 6, huchanganywa bia changa na nyingine ya asilimia 12 iliyolala kwenye mapipa makubwa ya mwaloni miaka miwili, na ina uchachu mwembamba wa mbao ndani yake. Imperial Extra Double Stout ya Harvey's ina asilimia 9. Piga hesabu: mililita 330 za asilimia 9 zina alkoholi safi mililita 30 hivi, wakati painti nzima ya maildi ya 3.5 ina 20. Chupa moja igawanywe watu wawili, na ufunguo wa gari ukae kwa mwingine.

Ukinunua ukiwa Nairobi au Dar, mpangilio unageuka. Maildi na bita haziwezi safari ya kontena: joto na hewa iliyobaki chupani huzipa ladha ya boksi la karatasi lililolowa. Chagua pota (bia nyeusi, jamaa ya stauti) au stauti ya asilimia 5 kwenda juu, chupa ya kahawia. Chupa nyeupe iliyosimama dirishani iache hata kwa bei nusu, kwa sababu mwanga unavunja kiini cha hopsi na kuzaa harufu ya mpira ulioungua. Soma tarehe ya mwisho, na kwa bia isiyofika asilimia 5 dai angalau miezi sita iliyobaki.

Chupa zenye hamira hai, kama Vintage Ale ya Fuller's, 8.5, zisimamishwe wima siku nzima kabla ya kunywa. Inamisha glasi, mimina kwa mkupuo mmoja bila kuisimamisha chupa katikati, maana kila ukiirudisha mashapo yanatibuka. Weka taa nyuma ya shingo ya chupa. Uzi wa kwanza wa ukungu ukifika hapo, acha. Sentimita moja inayobaki chini si sumu, ila italichafua tumbo na glasi yote.