Kabla ya kubandika vigae kwenye ukuta wa mbao, usukume kwanza

Kigae cha kwanza kunitoka kilikuwa cha mstari wa pili kutoka chini, pale kwenye pembe ya bafu. Nilikigonga kwa kidole, kikalia kama debe tupu. Nilipokivuta kilikuja na karatasi ya bodi ya jipsamu, na nyuma yake jipsamu yenyewe ilikuwa tope. Ukuta ulikuwa na miaka miwili tu, tena niliujenga mwenyewe, kwa hiyo sina fundi wa kumlaumu.

Nilikuwa nimehangaika wiki nzima na rangi ya vigae na upana wa grauti, yaani ule mchanganyiko wa kujazia nafasi kati ya vigae. Fremu ya mbao niliipa nusu siku. Siku hizi nafanya kinyume chake.

Mbao haitulii. Ikipata unyevu inavimba, ikikauka inasinyaa, na mbichi ndiyo mbaya zaidi kwa sababu itajipinda ukiwa umeshamaliza kazi. Kigae hakijui kupinda. Kwa hiyo nunua mbao kavu, na uziache ndani ya nyumba siku kadhaa kabla ya kuzikata. Nguzo nyingi husimamishwa kila baada ya sentimita 60, na kwa ukuta wa kupaka rangi inatosha. Kwa vigae naweka sentimita 40, na katikati yake napigilia mbao za kulala. Kama ukuta upo tayari, fanya hivi: weka kiganja katikati ya nguzo mbili, usawa wa kifua, usukume kwa uzito wa mwili. Ukiona unabonyea, au ukasikia skrubu zinalia, fungua bodi uongeze mbao. Usijidanganye kwamba gundi itaukaza.

Kisha chukua rula ndefu ya mita 2 uipitishe juu ya nguzo, wima na kwa kulala. Penye kigongo piga randa, penye bonde bandika vipande vyembamba vya plaiwudi. Mimi nikiona mwanya unaozidi milimita 3 chini ya rula, sisongi mbele. Na kabla ya kufunga, weka mbao pale utakapofunga bomba la kuogea, rafu na mshikio, halafu piga picha ukuta ukiwa wazi, futi ya kupimia ikionekana. Picha hiyo utaitafuta siku ya kutoboa.

Sasa uzito, ambao wengi hawaufikirii. Bodi ya jipsamu iliyo tupu hubeba takriban kilo 32 kwa mita ya mraba, gundi na grauti zikiwemo. Ukishaipiga plasta, inashuka hadi kilo 20 hivi, maana sasa kigae kinaning'inia kwenye plasta, si kwenye bodi. Vigae vya poseleni vya milimita 10 peke yake vinakaribia kilo 24. Yaani ile plasta safi uliyoilipia ili ukuta upendeze ndiyo itakayoviangusha.

Penye maji mengi natumia bodi za saruji. Bodi ya kijani wanayosema haiogopi unyevu inastahimili mvuke, lakini maji ya kila siku itayanywa. Plaiwudi siipendi, inavimba. Bodi za saruji zifunge kwa skrubu zisizoshika kutu, karibu kila sentimita 20, ukiacha mwanya wa milimita 3 kati ya bodi na bodi. Mwanya huo ujaze gundi ya vigae, ufunike kwa utepe wa wavu usioliwa na saruji. Chini usiikalishe bodi juu ya trei ya bafu, ile sahani pana unayosimama ukioga. Iache ining'inie kidogo, isije ikafyonza maji.

Bodi ya saruji haiozi, ila maji yanapita. Grauti nayo inapitisha. Kinachozuia maji ni ile rangi nzito ya kuzibia: mikono miwili, wa pili ukikata mwelekeo wa wa kwanza, na utepe wake kwenye pembe na kuzunguka mabomba. Subiri kila mkono ukauke. Hapa ndipo nilipoona watu wenye haraka wakiharibu kazi nzuri.

Gundi iwe ya unga wa saruji, ile inayonyumbulika. Ile ya ndoo iliyochanganywa tayari hukauka kwa kutoa maji yake, na kati ya rangi ya kuzibia na poseleni maji hayo hayana pa kwenda. Miezi inapita, bado laini.

Pembe za ukuta na ukuta, na pale ukuta unapokutana na trei, ni za silikoni. Ndipo fremu inapochezea. Mara ya kwanza pembe zote nilizijaza grauti, na baada ya kung'oa vigae niliukuta ufa mwembamba kama unywele, umeshuka kutoka usawa wa bega mpaka chini, mpaka kwenye mstari wa pili.