Kushindana na muda wako wa sekondari

Ndugu yangu, umeeleza kwamba umekimbia mbio ndefu tangu sekondari, na kwamba sasa, ukiwa na miaka 54, unasononeka kila unapoona mita 5,000 zinakuchukua dakika 5 zaidi ya enzi zile. Ninakuelewa, kwani hata mimi bado ninahifadhi viatu vya mbio zangu za nyika za mwisho shuleni, tope likiwa limekaukia kwenye nyayo. Uwezo wa mwili kutumia oksijeni hupungua kadiri umri unavyosonga, hata kwa anayefanya mazoezi. Kwa hiyo fungua daftari jipya la muda wako, ukimbie kwa kasi mara moja tu kwa wiki, na siku nyingine ukimbie polepole kiasi cha kuweza kuzungumza. Ukibanwa kifua au ukipata kizunguzungu, simama papo hapo, umwone daktari.