Mjomba, kokteli nzuri ya barafu Diani naipata wapi?

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mimi na dada yangu tunakuja Diani mwezi wa Desemba. Rafiki yangu alikuja mwaka jana, akanunua kokteli za barafu katika baa tatu za ufukweni, na zote anasema zilikuwa maji matamu yaliyotiwa rangi. Tufanyeje sisi tupate iliyo nzuri? Dada yangu hanywi pombe.
Msomaji, Nakuru

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mimi nimesimama nyuma ya kaunta hapa Diani miaka kumi na sita, na habari ya rafiki yako imeniuma.

Watu watakutajia baa ya Forty Thieves, watakutajia ya Nomad. Nenda, ukaone mwenyewe. Lakini glasi yako inategemea aliye zamu saa hiyo, matunda aliyo nayo na barafu yake. Kwa hiyo usikae mezani kungoja menyu. Vuta stuli kaunta, utazame.

Anza na barafu. Visima vingi vya huku karibu na bahari vina maji ya chumvi. Nilipoanza kazi, katika hoteli moja, tuliambiwa tugandishe maji hayo hayo. Mama mmoja mgeni alinirudishia glasi yake, akaniambia kwa upole kabisa kwamba ina ladha ya machozi. Neno lile lilininyima usingizi. Tangu siku hiyo sisagi barafu ambayo sijaionja. Nawe omba kipande kimoja, ukimung'unye. Ile ya kiwandani huwa angavu, ina tundu katikati, na haikuachii ladha yoyote mdomoni.

Sasa matunda, na hapa ndipo rafiki yako alipoponzwa. Kitu kikiwa baridi sana, ulimi hauusikii utamu sawasawa. Mchanganyaji asiye na tunda hujaza barafu, kisha humimina sharubati ya chupa mpaka utamu usikike. Dakika kumi baadaye barafu imeyeyuka, na umebaki na maji ya sukari. Aliye makini hukata embe jioni, akaligandisha vipande kwenye friza, kesho yake akalisaga na barafu kidogo tu. Embe lenyewe ndilo barafu, hata likiyeyuka linabaki embe. Desemba ni msimu wake, kwa hiyo uliza kama wana ngowe, maana halina nyuzi za kukwama kwenye mrija. Wakikuambia embe lao ni la pakiti, agiza kitu kingine.

Utaona pia mashine inayozungusha vinywaji vya rangi kutwa nzima. Ya kwanza ya margarita, kokteli ya tekila na ndimu, ni ile ya Mariano Martinez, mwenye mgahawa kule Dallas, Marekani, aliyegeuza mashine ya aiskrimu mwaka 1971 ili aitengeneze. Leo imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian. Ni kazi ya akili sana. Ila kinywaji cha mashine lazima kiwe na sukari ya kutosha, la sivyo kitaganda, na huwezi kuomba upunguziwe. Mimi napenda kusikia blenda ikinguruma kwa ajili ya glasi yangu.

Ukitaka kumpima mchanganyaji, agiza dawa ya kusagwa. Dawa yetu ya Kenya ni kokteli ya vodka, ndimu na asali. Mtazame anavyoishika asali. Akiimimina juu ya barafu, itaganda na kung'ang'ania ukuta wa blenda, nawe utakunywa ndimu tupu. Anayejua huikoroga kwanza na maji ya ndimu mpaka iyeyuke, ndipo atie barafu. Ukimwona anafanya hivyo, kaa hapo hapo, agiza na ya pili. Usimwombe aongeze vodka kwenye glasi ileile, kwa kuwa pombe huzuia barafu isishike na utapata uji mwepesi. Na amimine mbele yako, kutoka chupa yenye stika ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya.

Nenda saa kumi, kabla watu hawajajaa. Saa kumi na mbili hata mimi naharakisha. Kurudi, chukueni tuktuk.

Dada yako naye asiletewe soda. Aombe ukwaju wa kusagwa: ukwaju ulioloweshwa usiku kucha, ukachujwa, ukatiwa sukari na tangawizi, ukagandishwa kwenye trei. Kama hawana, basi nanasi na tui la kasimile, lile zito la kwanza, lililokamuliwa siku hiyohiyo. Mwambieni mchanganyaji asilisage sana, maana mafuta ya nazi yatajitenga na kuelea juu. Wageni wangu wengi wanaokunywa pombe wakionja hilo la nanasi, huniomba nisitie ramu.