Kasha Limegoma Kufunguka: Maswali Yenu Kuhusu Vali za Hewa

SWALI: Nina kasha gumu la plastiki la kubebea kamera, lile lisiloingiza maji. Nililifunga Nairobi nikasafiri nalo kwa treni hadi Mombasa. Nilipofika nilifungua komeo zote, lakini kifuniko kimeng'ang'ania kama kilichotiwa gundi. Ubavuni pana kitufe kidogo cha kuzungusha ambacho sijawahi kukigusa. Nitumie bisibisi?
*Mpiga picha, Nairobi*

JIBU: Bisibisi iweke kando. Zungusha hicho kitufe kinyume cha mwendo wa saa. Utasikia hewa ikifyonzwa ndani, na ikinyamaza kifuniko kitainuka kwa vidole viwili. Kitufe hicho ndicho vali ya kusawazisha hewa, ya aina inayofunguliwa kwa mkono.

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa huko ni kama hektopaskali 830. Pwani ni karibu 1,013. Ulipofunga kasha ulifungia humo hewa nyepesi ya bara, ukaishusha mahali ambapo hewa ya nje ni nzito zaidi. Tofauti ya hektopaskali 180 yaonekana ndogo mpaka uipigie hesabu: kifuniko cha sentimita 50 kwa 35 hukandamizwa kwa nguvu inayolingana na mzigo wa zaidi ya kilo 300. Ukiingiza bisibisi, utakachofungua kwanza ni gasketi, ule mpira unaoziba ukingo wa kifuniko. Ikichanika, au mdomo wa kasha ukichubuka, maji yatapita hapo kila siku.

Kwenye ndege hali hugeuka. Sehemu ya abiria na ya mizigo huwekewa hewa kama ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Kasha lililofungwa pwani huvimba, na kwa kifuniko hicho hicho komeo na bawaba zaweza kuvutwa kwa nguvu ya zaidi ya kilo 400. Mara nyingi kifuniko huinuka unywele mmoja, hewa kidogo ikatoroka, kisha kikakaa tena. Ndege ikishuka, iliyotoroka hairudi. Ndiyo maana kasha lililofungwa Mombasa na kurudishwa Mombasa siku hiyo hiyo laweza kugoma pia. Kwa vali ya mkono, legeza kitufe kabla ya kukabidhi mzigo, na ukikaze ukishafika. Kikaze kwa vidole tu, kamwe si kwa koleo, kwani pete ya mpira iliyo chini yake hupondeka na kuanza kuvujisha.

Makasha mengi ya siku hizi yana vali isiyohitaji mkono. Ndani yake mna utando mwembamba wa PTFE (plastiki ile ya Teflon) iliyovutwa, yenye vitundu vidogo mno. Hewa hupita, tone la maji halipiti, kwa sababu PTFE haishiki maji, nayo maji hubaki yamejikunja juu yake. Vali hiyo ikiziba, kasha litagoma vilevile. Hapo kwanza lianike juani nusu saa: hewa ya ndani ikipata joto hutanuka na kupunguza mvuto. Kama vali imekazwa kwa nje, ilegeze. Ikishindikana, penyeza kadi nyembamba ya plastiki kwenye pembe moja, upande wa komeo, mpaka usikie hewa ikiingia. La mwisho kabisa ni kutoboa utando kwa sindano, ukijua kwamba vali hiyo imekufa na lazima ibadilishwe kabla kasha halijaona maji. Vali mpya ni rahisi kuliko kifuniko kipya.

SWALI: Vali ya kasha langu ni nzima na maji hayajaingia hata tone. Mbona lenzi zimeota kuvu?
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Kwa sababu mvuke si maji. Utando unaozuia tone hupitisha mvuke pamoja na hewa, na kila unapofungua kasha pwani unaingiza unyevu mwingine. Kasha la lita 27, kwa joto la nyuzi 30 na hewa iliyoshiba unyevu, hufungia takriban gramu 0.8 za maji. Ni kidogo, ila likipoa mpaka nyuzi 15 zaidi ya nusu ya hayo hugeuka umande, na lenzi ndizo hupata.

Weka gramu 50 hadi 100 za silika jeli ya rangi, zile chembe zinazofyonza unyevu. Ile ya machungwa ikigeuka kijani imeshiba: imwage kwenye trei ya bati, iache ndani ya oveni kwa nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili, kisha ipoe ndani ya chupa iliyofungwa. Na usiweke kamera yenye jasho wala mkanda wake uliolowa. Huo mkanda pekee hubeba maji mengi kuliko hewa yote ya kasha.

SWALI: Kasha lilikaa juani kwenye mashua, likaanguka baharini kwa dakika chache, likaingiza maji. Si limeandikwa IP67?
*Mwongoza watalii, Mafia*

JIBU: IP67 ni alama ya kuzuia vumbi na maji, na kwa maji ni kina cha mita moja kwa dakika 30, ila kipimo hakianzi na kasha lililookwa. Hewa ya ndani ikishuka ghafla kutoka nyuzi 50 hadi 27, mgandamizo wake hupungua kwa hektopaskali 70 hivi, sawa na kulizamisha sentimita 70 zaidi. Chini ya maji vali haina hewa ya kuvuta, basi mvuto wote huelekea kwenye gasketi, na unywele au chembe moja ya mchanga yatosha kuwa mlango. Lifunike kwa kitambaa cheupe, na upanguse gasketi kila unapofunga.

SWALI: Vali ya utando husafishwaje?
*Msomaji, Arusha*

JIBU: Maji safi yanayotiririka taratibu na brashi laini, basi. Sabuni, spiriti na mafuta ya kujikinga na jua huufanya utando ulowe na kupitisha maji. Usielekeze mpira wa kuoshea magari wala kompresa. Angalia pia lebo za uwanja wa ndege: hubandikwa ubavuni, juu ya vali kabisa. Zibandue, na gundi iliyobaki uitoe kwa kucha.