Cubs walishinda penanti? Swali la lugha kutoka Chicago

SWALI: Naishi Chicago, na huwa nawatafsiria ndugu zangu wa nyumbani habari za besiboli, hasa za Cubs, timu ya hapa. Juzi niliwaandikia hivi: "Mwaka 2016 Cubs walishinda penanti yao ya kwanza tangu 1945, na mashabiki wakapepea bendera nyeupe mji mzima." Binamu yangu wa Morogoro akauliza kama mechi iliamuliwa kwa mikwaju. Shangazi naye akataka kujua kwa nini walisalimu amri. Nimekosea wapi? Na niseme bendera, kibendera, au lipo neno jingine?

JIBU: Binamu yako ana haki ya kuuliza. Masikio yaliyolelewa na redio ya mpira yakisikia "penanti" yanakwenda moja kwa moja kwenye kile kidoa cheupe cha mita 11. Wengi wetu hata penalti yenyewe tunaitamka penati, kwa hiyo kati ya neno lako na lao kuna n moja tu, na msomaji mwenye haraka haioni. Sina ugomvi na maneno ya kukopa, ila hili, lililotoka kwenye pennant ya Kiingereza, linampoteza mtu njia.

Hata kama tungelikaribisha, lingekuja na mizigo miwili. Wamarekani hulitumia kwa kile kitambaa cha pembetatu, kipana upande wa mlingoti na chembamba nchani, kisha hulitumia kwa ubingwa wa ligi ambao kitambaa hicho huutangaza. Besiboli yao ya kulipwa ina ligi kuu mbili, National League na American League, na mabingwa wake hukutana katika World Series. Cubs walipowachapa Dodgers 5-0 tarehe 22 Oktoba 2016, walichotwaa ni ubingwa wa National League. World Series waliichukua siku kumi na moja baadaye mbele ya Cleveland, na hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza tangu 1908. Basi andika: "Cubs walitwaa ubingwa wa National League kwa mara ya kwanza tangu 1945." Jina la ligi usiliache, maana ukisema "ubingwa" peke yake, msomaji atadhani mambo yameishia hapo.

Kibendera ni neno zuri, na soka imeshalizoea: kibendera cha kona, mshika kibendera, na vile vibendera ambavyo manahodha hupeana kabla ya mpira kuanza. Hivi vya manahodha mara nyingi huwa na ncha chini, na ni ndugu wa vile vinavyouzwa viwanja vya besiboli kwa ajili ya kubandika ukutani. Viite vibendera bila wasiwasi, na asiyejua umbo lake mwongezee "vya pembetatu". Lakini ki- hupunguza, na ikikaa pabaya hudharau. Mtu na kijitu si sawa. Bendera kubwa ya ubingwa inayopandishwa juu ya uwanja ukiiita kibendera, umeivua cheo. Hiyo ni bendera tu, iwe na pembe tatu au nne. Kiswahili hakihesabu pembe. Neno lenyewe tulilipata kwa Wareno, na kamusi za zamani zililipa pia maana ya kitambaa chekundu cha aina iliyoshonewa bendera za Waarabu. Nguo ndiyo iliyotajwa, umbo halikuulizwa.

Sasa shangazi. Bendera unayoisema ni nyeupe kweli, ina herufi W ya buluu. Cubs wakishinda kwao Wrigley Field, hupandishwa juu ya ubao wa matokeo. Wakipoteza, hupandishwa ya buluu yenye L nyeupe. Ubao huo ulijengwa 1937, na wenyeji husimulia kwamba bendera ziliwekwa ili abiria wa treni zinazopita kwenye reli ya juu karibu na uwanja wayajue matokeo wakiwa ndani ya behewa. Mashabiki wenyewe huitaja kwa herufi, rangi hawaisemi, ndiyo maana hawajikwai. Wewe ulitaja rangi ukaiacha herufi, na bendera nyeupe kila mtu anajua ni ya nani: ni ya aliyeshindwa. Andika "bendera ya W", ueleze mara moja tu kwamba W na L ni herufi zinazoanza maneno ya Kiingereza ya kushinda na kupoteza. Tafadhali usiigeuze kuwa bendera ya U kwa sababu ya ushindi. Herufi iliyoshonwa kwenye nguo haitafsiriwi.

Penye kazi zaidi ni kitenzi. Bendera ndiyo hupepea. Mtu akipepea kitu, anakipelekea upepo, kama muuza mishikaki anavyopepea moto kwa kipande cha boksi. "Mashabiki wakapepea bendera" inasomeka kana kwamba bendera iliona joto wakaihurumia. Aliyeishika mkononi anaipunga. Aliyeitundika barazani ikashikwa na upepo, anaipeperusha. Mfanyakazi wa uwanja anaipandisha mlingotini, au anaitweka, ukipenda neno la mabaharia wetu, kisha baadaye anaishusha. Kupeperusha nako kuna mtego wake: magazeti yetu yamelizoeza kwa wanariadha wanaokwenda nje "kupeperusha bendera ya taifa", yaani kuiwakilisha nchi. Ukiandika kwamba Cubs wanapeperusha bendera ya Chicago, tutaelewa wanauwakilisha mji, hata kama uwanjani hakuna kitambaa hata kimoja. Na ule wito wa mashabiki wa kuitaka W ipande, mimi ningeuandika "Pandisha W!" Ni mfupi, na unapigika kelele.

Ukiendelea kuwatafsiria, utakutana na bendera nyingine pale pale juu ya ubao: za timu zote 15 za National League, zimepangwa kwa kanda zao tatu kufuata msimamo wa ligi. Timu ikipanda nafasi, bendera yake nayo huhamishiwa juu. Kwenye nguzo ya mpaka upande wa kushoto ipo bendera yenye namba 14, ya jezi ya Ernie Banks, mchezaji wa zamani wa Cubs; namba hiyo klabu iliistaafisha 1982, yaani hapewi tena mchezaji mwingine. Angalia kitenzi: mchezaji hustaafu, jezi hustaafishwa.

Methali yetu ya bendera kufuata upepo sisi humpigia mtu asiye na msimamo. Wrigley Field usiitumie hovyo. Siku nyingine upepo wa Ziwa Michigan huurudisha ndani mpira uliopigwa juu, siku nyingine hutoka ndani na kuusukuma hadi jukwaani, kwa hiyo bendera ikifuata upepo pale inampa mchezaji habari anayoihitaji.

Hukuuliza kuhusu wingi, lakini katika barua yako nzima, ambayo hapo juu imefupishwa, kuna "mabendera" mara mbili. Mtaani nalisikia, hasa mtu akitaka kuonyesha kwamba zilikuwa nyingi mno. Kwenye maandishi, bendera hubaki bendera, na wingi huonekana kwenye upatanisho: bendera imepandishwa, bendera zimepandishwa. Ukimwandikia shangazi ujumbe wa simu, mabendera hatakuuliza.