Maswali yenu kuhusu Japani: ndara za chooni, maji ya kuoga na vijiti kwenye wali

Barua za juma hili karibu zote ni za Japani. Nimechukua sita.

Nimepata nafasi ya masomo Osaka, nitafikia kwa familia. Nimeambiwa viatu huvuliwa mlangoni. Kuna zaidi ya hilo? (Mwanafunzi, Tanga)

Wewe wa Tanga viatu havitakupa tabu, umekulia kwenye mikeka. Kigeni kwako ni pale mlangoni penyewe. Nyumba ya Kijapani ina sehemu ndogo ya kuingilia, genkan, ambayo sakafu yake iko chini kuliko ya ndani. Pale chini bado uko nje. Ukishapanda ule ukingo ndipo umeingia, na ndiyo maana mwenyeji hakwambii "pita", hukwambia "panda". Nawe unajibu ojama shimasu, yaani "nakuja kuwasumbua". Ni hodi inayotanguliza radhi kabisa. Vua viatu, panda moja kwa moja bila kukanyaga pale chini kwa soksi, kisha vigeuze vielekee mlangoni.

Ndani utapewa ndara. Ukifika kwenye chumba cha tatami, nazo zivue. Tatami ni mkeka mnene, juu umesukwa kwa majani ya igusa, na kwa desturi ndani yake huwa na mabua ya mpunga yaliyoshindiliwa. Vyumba huhesabiwa kwa mikeka hiyo: mtu akisema "chumba cha mikeka sita" amekwisha kukupa ukubwa wake. Chooni kuna ndara nyingine, za humo tu. Mimi siku yangu ya kwanza nilitoka nazo hadi kwenye meza ya chakula. Hakuna aliyesema neno. Bibi wa nyumba alizitazama tu miguuni mwangu, na mpaka leo nikikumbuka nasikia joto usoni.

Kagua na soksi zako zisiwe na matundu.

Ni kweli familia nzima huoga maji mamoja? Mbona ni uchafu! (Mama wa watoto watatu, Mombasa)

Mama, hawaogi humo, hujiloweka humo. Kuoga kwenyewe hufanyika nje ya hodhi: mtu huketi kwenye kigoda kifupi, akajisugua kwa sabuni, akajimwagia maji ya karai mpaka povu lote liishe. Hiyo ni sawasawa na ndoo na kopo letu. Hodhini anaingia akiwa msafi tayari, kujipasha mwili tu, kwenye maji ya nyuzi 40 hivi au zaidi kidogo. Akitoka huyu anaingia yule, na mfuniko hurudishwa maji yasipoe.

Mgeni aghalabu hupewa zamu ya kwanza. Ni heshima, lakini ina mtego wake: ukimaliza usichomoe kizibo. Utakuwa umemwaga maji ya baba, mama na watoto. Na hata wakishapita wote hayaishii hapo, kwani nyumba nyingi huyavuta kwa mpira hadi kwenye mashine ya kufulia. Anayeona hayo ni uchafu, mimi nayaona ni uchumi.

Tulialikwa kwa familia ya Kijapani hapa Nairobi. Simu ikalia, nikachomeka vijiti kwenye wali nikatoka nje kuongea. Niliporudi vilikuwa vimelazwa kando, na mama wa nyumba hakuwa tena na furaha. Nilikosa nini? (Mhandisi, Nairobi)

Ulijiandalia chakula cha maiti, ndugu yangu. Bakuli la wali lenye vijiti vilivyosimama wima ndilo huwekwa karibu na kichwa cha aliyefariki. Vijiti hulazwa, kwenye kijiegemeo chake au juu ya bakuli, lakini havisimamishwi.

Na kwa kuwa utaalikwa tena, Inshallah, usije ukapokezana chakula kijiti kwa kijiti na mwenzako. Japani karibu wafu wote huchomwa. Baada ya moto jamaa huizunguka mifupa, nao kwa vijiti virefu huiokota wawili wawili, au mmoja akampokeza mwenziwe, na kuitia kwenye chungu. Huanzia ya miguuni wakipanda kuelekea kichwani, ili marehemu asikae kichwa chini miguu juu. Hapo tu ndipo vijiti vya watu wawili hukutana juu ya kitu kimoja. Aliyekwisha kumwokota mama yake namna hiyo hawezi kustarehe ukimnyooshea kipande cha samaki.

Nikizifuatilia adabu zao, zile zinazomshtua mwenyeji kwelikweli, nyingi nazikuta zimetoka msibani. Kimono hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu ya wa kulia, mwanamume na mwanamke sawa. Kinyume chake ni mavazi ya maiti. Kitanda hakielekezwi kichwa kaskazini, kwa kuwa ndivyo maiti alazwavyo. Namba 4 hukwepwa, maana shi ni nne na shi ni kifo. Huko ukikosea uma na kisu watacheka nawe. Ukimfanyia aliye hai yale ya wafu, hakuna anayecheka.

Mama huyo mpelekee matunda mazuri na umwombe radhi. Yasiwe manne.

Wajapani ni dini gani hasa? (Msomaji, Bujumbura)

Swali fupi, jibu refu. Wengi wanaishi na mbili bila kuona kuna la kuchagua: Shinto, dini ya miungu ya mahali, na Ubuddha uliofika kupitia Korea katika karne ya 6. Mtoto akitimiza kama mwezi hupelekwa kwenye hekalu la Shinto, na mtu akifa aghalabu huja watawa wa Kibuddha. Harusi inaweza kuwa ya Kishinto, au kwenye kikanisa na gauni jeupe, ilhali bwana na bibi harusi si Wakristo. Wakristo ni kama asilimia moja tu.

Mimi hunivutia zaidi hekalu la Ise. Hujengwa upya kila baada ya miaka 20, ubavuni mwa lile la zamani, kisha la zamani huvunjwa. Walianza mwaka 690, wakakatizwa na vita vya karne ya 15 na 16, wakarudia. La mwaka 2013 lilikuwa la 62. Mbao ni changa, ufundi ni wa kale.

Mwaka mpya wao ni ule wa Wachina? (Msomaji, Mwanza)

Ulikuwa karibu na huo, wakauacha mwaka 1873 walipoingia kalenda hii yetu. Sasa ni Januari 1. Usiku wa kuamkia, kengele za mahekalu ya Kibuddha hugongwa mara 108, na watoto siku hiyo huvuna bahasha za pesa kwa wajomba na mashangazi. Watoto wa Idi wataelewa.

Bibi yangu husema kanga bora zilitoka Japani. Wao nao huvaa kanga? (Binti, Unguja)

Bibi hakudanganyi. Kati ya vita viwili vya dunia viwanda vya Japani viliuza nguo nyingi za pamba pwani yetu, kwa bei iliyowakera Waingereza, na kanga za huko ziliendelea kuja hata baadaye. Wenyewe hawazivai. Kimono hutoka kwenye jora jembamba, upana wa sentimita 38 hivi na urefu kama mita 12, likakatwa vipande vilivyonyooka tu. Kikichakaa huweza kufumuliwa, kikafuliwa na kushonwa tena.

Kinachofanana na kanga yako ni kitambaa cha mraba cha kufungia vitu: zawadi, chakula cha mchana, hata tikiti maji. Zamani ndicho walichofungia nguo zao wakienda bafuni, na jina limetoka huko: furo ni hodhi, shiki ni kutandika. Kinaitwa furoshiki. Mwambie bibi. Najua atakwambia Wajapani wameiba furushi letu.